Mama wa Kwenye Faili

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Radhiya Mkadam alikuwa wa tatu kwenye foleni ya ofisi ya familia za wanamaji, kashika bahasha ya kaki yenye karatasi nne: fomu ya ruhusa ya dharura, barua ya daktari, nakala ya kitambulisho chake na nakala ya kitambulisho cha mamake. Zote alizibana pini upande wa kushoto, zimelingana pembe kwa pembe, maana Radhiya alikuwa mtu wa karatasi. Mwaka wa nane huu alikuwa akifanya kazi kwenye duka la fotokopi la Hardik, pale Mkunazini, akiwajazia watu fomu za pasipoti, za viwanja na za skuli, na hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa. Hilo akijivunia, na haki yake.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maghala, kina dirisha la nondo na feni iliyosahau kuzunguka. Nyuma ya nondo alikaa Afande Khatib, mtu mzima, mpole, miwani yake kaifunga uzi ikamning'inia kifuani. Fomu aliisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini ambayo watu hawayasomi. Kisha akafungua faili la askari Haroub Ayoub, akalinganisha, akavua miwani.

"Huyu mama keshafariki," alisema.

Radhiya akamwambia hajafariki, kamwacha nyumbani sasa hivi, kanywa uji vijiko vitatu. Afande Khatib hakubisha. Alimgeuzia faili ajionee mwenyewe. Pameandikwa: Mama, Mwanakheir Abdulwahid. Hali, marehemu. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, nao umekatwa kwa wino mwekundu. Aliyeukata alitumia rula.

"Anayeumwa ni Bi Duni Abdulwahid. Huyo nani wake?"

"Mamake."

"Mamake huyu hapa."

"Huyo ndiye aliyemzaa. Aliyemnyonyesha na kumlea ni mamangu mimi, dadake huyo marehemu."

"Ala, basi ni mama mkubwa," alisema Afande Khatib, kama mtu aliyefurahi kuona jambo limepata jina lake. "Mama mkubwa hayumo kwenye orodha."

Akamsomea orodha. Ruhusa ya dharura kwa askari aliye baharini hutolewa kwa mzazi, mke na mtoto, akiwa mgonjwa mahututi au amefariki. Mzazi wa askari huyu aliyebaki ni baba, naye yuko Maskati, na hakuna aliyeleta habari kwamba anaumwa. Mama alikufa mwaka tisini na nane, wakati huo mwanawe hajawa askari, kwa hiyo ruhusa yake haikuombwa na muda wake umepita.

Radhiya aliutazama ule mstari uliokatwa. Aliujua, maana mwandiko ulikuwa wake. Miaka sita nyuma ni yeye aliyemjazia Haroub fomu za kujiunga, dukani kwa Hardik, huku Haroub kasimama nyuma yake anakula njugu. Palipoulizwa jina la mama aliandika kama cheti cha kuzaliwa kilivyosema, Mwanakheir. Palipoulizwa mtu wa kuarifiwa aliandika, Bi Duni, mama. Kwao nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Lakini mtu mmoja mnadhifu, huko juu, aliona mtoto mmoja ana mama wawili, mmoja hai na mmoja maiti, akajua aliyeandika kakosea, akaondoa mmoja.

Saa ilikuwa inakwenda na Radhiya akiisikia. Meli ya doria ya Haroub ilikuwa kusini, pahala ambapo familia haziambiwi ni wapi. Chombo cha kupeleka chakula kilikuwa kimeshafika huko, kinashusha viazi na mchele, na kitageuza kurudi Unguja Alhamisi saa sita mchana. Ruhusa ikipita kabla ya hapo, redio itasema, Haroub atapanda, na Ijumaa asubuhi yuko nyumbani. Isipopita, chombo kinachofuata ni baada ya wiki saba. Daktari alimpa Bi Duni siku nne au tano, na alikuwa daktari wa kuaminika, kwa bahati mbaya.

Akauliza basi lifanywe nini. Afande Khatib akafungua kitabu cha kanuni, akatia kidole kwenye kifungu. "Taarifa za mzazi hubadilishwa na mzazi mwenyewe. Afike hapa, aseme, atie sahihi."

"Huyo aliyekufa?"

"Huyo aliyeandikwa."

Hakusema kwa kejeli. Radhiya alizirudisha karatasi zake kwenye bahasha, akauliza ofisi inafungwa saa ngapi. Akaambiwa saa tisa na nusu, ila Jumanne hawapokei watu, ni siku ya kupanga mafaili.

*

Bi Duni alilala chumba cha juu, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha apate upepo. Figo zilikuwa zimekwisha na miguu imejaa maji, lakini akili yake nzima, na ulimi vilevile. Alikuwa haogopi kufa. Alichokuwa akikiogopa alishakisema wazi, tena mara tatu, ili asije mtu akajifanya hakusikia.

Mwanamke akifa, wanaomshusha kaburini ni maharimu zake: mume, ndugu, mtoto wa kiume. Mume wa Bi Duni alishatangulia. Ndugu wa kiume hakuwa naye. Tumboni mwake alitoka Radhiya peke yake, na wanawake hawaendi makaburini. Alibaki Haroub. Mwanakheir alikufa kwa homa ya uzazi, mtoto wa siku saba, na Radhiya wakati huo ana miezi minane, bado ananyonya. Bi Duni hakuuliza mtu. Alimweka Radhiya ziwa la kushoto na Haroub la kulia, akakaa hivyo mwaka na nusu, na yakaishia hapo. Kwa dini, Haroub akawa mwanawe, akawa ndugu yake Radhiya ambaye hamuoi, na mkono wake ukawa halali kumgusa mamake akiwa hai na akiwa maiti. Dini haikutaka karatasi nyingine.

"Nimejisitiri miaka sitini na moja," Bi Duni alisema. "Sitaki kushikwa na mtu baki siku ambayo siwezi kujifunika mwenyewe."

Radhiya akamweleza ya ofisini, neno kwa neno, pamoja na ile rula. Bi Duni alisikiliza huku anaangalia paa. Wala hakukasirika. Aliuliza tu kama ni lazima afike mwenyewe, au anaweza kutuma mtu. Radhiya akasema ni lazima mwenyewe.

"Basi mwiteni."

Ikawa bahati, kama kuna bahati ya aina hiyo, alfajiri ile mtaa wa pili alikuwa kafa Bi Ummukulthum, muuza vitumbua, na maziko yalikuwa baada ya alasiri. Radhiya akavaa buibui, akaenda kutoa pole. Wanawake walipoinuka kuwapisha waoshaji, yeye akainama sikioni mwa maiti, akampa salamu ampelekee Mwanakheir Abdulwahid, wa makaburi ya Mwanakwerekwe, safu ya karibu na ukuta: anatakiwa ofisini kwa ajili ya mwanawe, aje upesi. Akarudia mara ya pili pamoja na namba ya faili. Bi Ummukulthum uhai wake hakuwahi kusahau oda ya mtu, hata ya kitumbua kimoja, na Radhiya alirudi nyumbani na moyo uliotulia kidogo.

*

Jumanne, saa nne kasoro dakika chache, Mwanakheir alifika dukani kwa Hardik.

Alikuja kwa miguu kutoka Mwanakwerekwe. Sanda kaifunga vizuri, na juu yake kajitanda kanga aliyoianua kwenye kamba ya nyumba moja njiani. Kanga hiyo ilirudishwa baadaye, imefuliwa. Alinukia karafuu maiti na udongo wa mvua. Hakuzidi umri aliokufa nao, miaka ishirini, na vishimo vya masikioni alivyotogwa siku ya harusi vilikuwa bado vibichi. Hardik akamgeuzia feni, akamsogezea kigoda, akauliza kama kuna cha kutoa nakala. Upo mtindo wa wenye maduka wa kutomuuliza mteja zaidi ya hapo.

Radhiya alikuwa na miaka ishirini na nane. Alitoka nyuma ya mashine, akaushika ule mkono wa baridi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nimeambiwa kuna ofisi."

Akamweleza kwamba leo wanapanga mafaili. Mwanakheir akasema kule alikotoka hakuna anayekimbizwa, atangoja. Radhiya akasema huku wanakimbizwa, tena sana, na akamchukua nyumbani.

Madada wawili hawakuonana tangu ule mwaka. Bi Duni aliinua kichwa kwenye mto akamwangalia mdogo wake kuanzia juu mpaka chini.

"Umekonda," alisema Mwanakheir.

"Na wewe hukukua."

Wakacheka, na Bi Duni akakohoa mpaka akashikwa mgongo. Baadaye Mwanakheir aliuliza habari za mwanawe. Mrefu? Anapenda samaki? Analala upande gani? Alikuwa na siku saba tu za kumjua, na katika hizo saba, nne alikuwa na homa. Radhiya akamwonesha picha kwenye simu, Haroub na sare nyeupe, kofia kaishikilia isipeperuke. Mwanakheir aliiangalia mpaka simu ikazimika taa, akaomba iwashwe tena. Kisha akauliza Haroub anamwitaje Bi Duni.

"Mama," alisema Radhiya.

"Ndivyo," alisema Mwanakheir. Iliuma, na ilionekana kuwa imeuma. Lakini alikuwa mtu wa haki, na aliyaona yale maziwa yaliyolegea chini ya kanga ya dadake.

Ndipo Bi Duni akamwambia shida yake, ile ya kaburini. Mwanakheir akamsogelea. "Pale palipobaki wazi ni ubavuni kwangu, ukuta kwa ukuta. Asipofika Haroub, ntakupokea mimi kwa chini. Wao wakilegeza tu, mimi nshakudaka. Hata kidole hawatakutia."

Usiku huo Bi Duni alilala mpaka asubuhi, jambo ambalo hakulifanya tangu mwezi uliopita.

*

Jumatano walikuwa wa kwanza dirishani. Afande Khatib alivaa miwani, akatazama cheti cha kifo walichokuja nacho, akamtazama mwenye cheti. Akapiga hesabu ya umri kwenye karatasi ya pembeni. Kazaliwa sabini na nane, ana arubaini na saba.

"Umejitunza," alisema, na akachukua kalamu.

Hakuwa na kitambulisho, vya sasa vilitoka yeye kashakufa, kwa hiyo akapigwa chapa ya dole gumba. Lilitoka safi. Afande akafungua fomu ya marekebisho, ambayo ilikuwa na swali moja na mstari mmoja wa jibu.

"Wewe ndiye mama mzazi wa askari Haroub Ayoub?"

"Mimi ndiye niliyemzaa. Lakini mamake ni dada yangu, Duni, ndiye anayekufa, na ndiye nataka aandikwe."

Afande Khatib aliandika, "Mimi ndiye niliyemzaa," na mstari ukajaa. Radhiya akamwomba aendelee nyuma ya karatasi. Akajibiwa kwamba nyuma hapasomwi. Hata hivyo, akasema, karatasi itapanda juu leo hii, na wakubwa wana busara, kesho saa nne jibu litakuwa limeshuka. Radhiya, Mungu amsamehe, alitoka pale na furaha. Kwa mtu wa karatasi, karatasi iliyopanda juu ni sawa na nusu ya kupona.

Alhamisi saa nne jibu halikushuka. Saa tano halikushuka. Radhiya na Mwanakheir walikaa kwenye benchi la mbao, na kila baada ya muda jirani aliyebaki na mgonjwa alipiga simu kusema pumzi zimekuwa fupi, halafu kusema anamuuliza Haroub, halafu kusema hamuulizi mtu tena ila macho yako mlangoni. Radhiya alihesabu vigae vya sakafu, akakosea, akaanza upya. Saa sita kasorobo karani mmoja akashuka ngazi, anakula embe mbichi na chumvi, akapitisha karatasi chini ya nondo.

Afande Khatib akaisoma yote kwanza, kama desturi yake, kisha akaisoma kwa sauti. Taarifa za askari zimerekebishwa. Mama, Mwanakheir Abdulwahid. Hali, hai. Kwa kuwa mama wa askari amefika ofisini kwa miguu yake mwenyewe na anaonekana mwenye afya njema, hakuna dharura. Ombi limekataliwa. Meli itaarifiwa juu ya marekebisho.

Ilibaki dakika kumi na mbili.

"Afande," alisema Radhiya, na sauti yake mwenyewe aliiona ngeni, "kuna mtu anakufa."

"Najua."

"Redio iko juu hapo. Neno moja tu."

"Redio husema kilichoandikwa." Alivua miwani, akayapangusa macho. "Na mimi nna mama mkubwa, yuko Donge. Ndiye aliyenilea."

"Akiumwa utamwandikaje?"

Afande Khatib alifikiri kwa kweli, maana alikuwa mtu mkweli. "Sitomwandika," alisema.

Walikaa hivyo, watatu, wanaiangalia saa ya ukutani, mpaka mishale miwili ikalaliana. Huko kusini, pahala pasipotajwa, chombo cha chakula kiligeuza. Afande Khatib akalifunga dirisha taratibu, akaenda kutia udhu.

*

Njiani Mwanakheir alisema ana njaa.

Radhiya hakusikia vizuri, alikuwa akilia huku anatembea, na watu wa Darajani wakimpisha. Mwanakheir akarudia. Akanunuliwa mkate wa boflo, akaumaliza amesimama, akaomba maji. Jasho lilikuwa limemlowesha kipajini, na kisigino cha kulia kimechubuka kwa kutembea pekupeku. Radhiya akamnusa. Karafuu maiti haikuwapo tena. Ndipo yule mtu wa karatasi akaelewa, kabla hata ya mwenyewe kuelewa, kwa nini.

"Mama mdogo, wamekuandika hai."

Mwanakheir akajitia mkono kifuani. Moyo ulikuwa ukipiga.

Walipofika nyumbani Radhiya hakuingia ndani. Alikwenda dukani akamwomba Hardik vespa, Hardik akaiwasha mwenyewe, akampakia Mwanakheir nyuma kumrudisha kaburini kwake Mwanakwerekwe. Alasiri walirudi wote wawili. Hardik alisimama uani anaifuta vespa kwa kitambaa, ingawa haikuwa chafu. Mwanakheir kucha zilikuwa zimekatika, na vidole vinatoka damu, damu nyekundu ya kawaida.

"Nimebisha," alisema. "Nimechimba. Ardhi ngumu kama sakafu. Hawanifungulii."

Radhiya akamfunga vidole kwa vitambaa. Hakumlaumu mtu. Alikuwa akijua ni nani aliyekwenda kwa maiti na namba ya faili, ni nani aliyelazimisha karatasi ipande, na ni nani, miaka sita nyuma, aliyeandika neno moja mahali pawili. Wangeliacha mambo kama yalivyokuwa, Haroub asingefika, lakini kwa chini kungekuwa na mikono. Sasa hakuna juu wala chini.

Wakapanda. Bi Duni alikuwa macho. Mwanakheir aliificha mikono yake ndani ya kanga, akapiga magoti ubavuni mwa kitanda, akasema lile alilokuwa akilisema toka Jumanne, kwamba yeye yupo, atampokea. Bi Duni akanyoosha mkono, akatafuta ndani ya kanga mpaka akaupata wa mdogo wake, akaushika.

"Una joto," alisema.

Mwanakheir akainamisha kichwa. Bi Duni hakumwachia mkono. Hakuuliza kingine usiku ule, wala hakutaja tena habari ya kaburi. Alfajiri ya Ijumaa, muadhini anamalizia, akaitwa na Mola wake.

Chombo cha chakula kilifunga gati saa tatu asubuhi. Kilishusha makreti matupu na baharia mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu. Maziko yalikuwa baada ya sala ya Ijumaa, saa nane mchana, kwa hiyo palibaki saa tano za ziada ambazo hakuna aliyezitumia.

Makaburini wakashuka wanaume wanne wa mtaani, watu wema. Walishikilia shuka juu ya shimo, walitazama pembeni kama inavyotakiwa, na mmoja, fundi bati, aliwaomba wenzake wasome kwa sauti ili asisikie mikono yake inafanya nini. Haya aliyasimulia mwenyewe baadaye, barazani. Mwanakheir hakuwapo kusikia. Alikuwa ndani na wanawake wenzake, kama inavyompasa mwanamke aliye hai, amekaa kwenye mkeka mtupu, viganja vyake vilivyofungwa vitambaa kavielekeza juu mapajani. Aliviweka hivyo mpaka wanaume waliporudi.

*

Watu wa mtaani wakamzoea upesi. Alijifunza kutumia jiko la gesi, akanenepa kidogo, akaambiwa na jirani mmoja kwamba ana mchumba wa kumwonesha. Kila Ijumaa akenda mpaka ukuta wa makaburi kwa nje, anasimama, anarudi. Radhiya alirudi ofisini mara mbili kuomba lile neno hai lifutwe. Afande Khatib alimpokea vizuri mara zote mbili. Akamweleza kwamba ili mama aandikwe marehemu kunatakiwa cheti cha kifo, na hicho cha mwaka tisini na nane kimeshabatilishwa kwa kuwa mwenyewe alikileta akiwa hai. Ila asiwe na wasiwasi: Bi Mwanakheir akiugua, hata homa ndogo ya kulazwa, Haroub ataletwa siku hiyohiyo. Mwanakheir hakuwahi hata kupiga chafya.

Fomu ya ruhusa ikachapwa upya mwezi uliofuata. Walibadilisha rangi ya karatasi.

Wiki saba zilitimia. Arubaini ya Bi Duni ilikuwa imeshasomwa siku tisa nyuma, na sufuria zimesharudishwa kwa wenyewe. Saa nne asubuhi Radhiya yuko juu anakunja nguo, Mwanakheir yuko chini uani anachambua mchele, mlango ukasukumwa. Haroub aliingia na mfuko wake wa kijeshi begani, kaungua na jua, na mkononi kashika doti ya kanga mpya, imefungwa kwa kamba. Alikuwa kwenye furaha. Siku ile ya Alhamisi, mchana, redio ilimwita akapewa taarifa rasmi: mama yako yu hai, ana afya njema, ametembea mwenyewe mpaka ofisini. Alisujudu pale pale kwenye sitaha. Kanga aliinunua bandari ya kwanza waliyotia nanga.

"Mama!" aliita kutoka mlangoni.

Mwanakheir alikuwa hatua nne kutoka kwake. Neno hilo alilingoja miaka ishirini na saba, mingi yake chini ya udongo, na naam ilimfika mpaka kwenye meno. Akaizuia. Alijua anayeitwa ni nani. Akaendelea kushika ungo wake, na mchele ukawa unamwagika pembeni.

"Mama!" Haroub aliita tena, akiangalia juu ngazini.

Aliyeshuka ni Radhiya. Alishuka polepole, na alipofika chini akamwambia yote, kwa mpangilio, kama anavyosoma fomu, kwa sababu kwa njia nyingine asingeweza. Alimwambia na ya wale watu wanne. Haroub akakaa kwenye ngazi ya kwanza. Alilia kwa sauti, mtu mzima na sare yake, na hawakumkataza.

Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akamwona yule msichana na ungo.

"Na huyu?"

"Mwanakheir," alisema Radhiya. "Aliyekuzaa."

Haroub alimtazama. Msichana alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba. Alikuwa na masikio yake, na ile namna ya kusimama kaegemea mguu mmoja. Lakini Haroub alilelewa na Bi Duni, na Bi Duni alimfundisha adabu, na adabu ina jina la kila mtu. Dada mdogo wa mama anajulikana anavyoitwa. Akainuka, akasogea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwanakheir. Kisha akaweka ungo chini, akaanza kuokota mchele uliomwagika, punje kwa punje.